Maandishi Madogo

Mwanjelwa, mwezi wa saba. Baridi imeng'ata
midomo ya wauza viazi hadi imechanika,
na mimi Subilaga, banda la tatu baada ya mashine ya kusaga,
nauza mafuta.

Gwantwa kaja na haraka ya bibi harusi.
"Nipe ya kung'arisha. Zimebaki wiki tano."
Nikavaa miwani. Keti kwanza, nikamwambia,
nikusomee waliomo ndani ya chupa.

Jina la kwanza, akwa. Maji tu, mwanangu,
kama yale yanayoshuka bure kutoka Loleza.
Anayetajwa mwanzo ndiye mwingi,
basi hesabu mwenyewe umenunua nini.

Wa pili, glisirini. Huyu mtu mwema,
huyavuta maji akayashikilia ngozini
kama ukungu unavyoshikilia migomba ya Tukuyu.
Parafini kazi yake kufunika, basi.
Usimdharau: sufuria bila mfuniko, wali utauivisha lini?
Hawa wenye majina marefu kama mabehewa ya TAZARA
wengi ni walinzi, wanazuia kuvu isiote.
Usimwogope mtu kwa urefu wa jina.
Ila manukato, neno moja, mlango mmoja,
na nyuma yake wapangaji usiowajua.
Ngozi ikianza ugomvi, gonga hapo kwanza.

Hakuwa ananisikiliza. Kidole chake kilikuwa kwenye kopo dogo
lenye uso wa mwanamke wa rangi ya maziwa,
na chini ya uso huo hapana neno.
Hata moja.

Kopo hilo niliuza miaka minne. Sikuuliza.
Mpaka kaka yangu Ambokile aliporudi kutoka Chunya,
alikokuwa akiikamata dhahabu kwa zebaki,
akiichoma kwenye kikaango, usiku, mlango umefungwa.
Siku hizi akishika kikombe
chai humwagika kabla haijafika mdomoni.
Bwana afya alichukua kopo langu kwenda kulipima.
Jibu lilirudi neno moja,
na neno lenyewe tayari lilikuwa linaishi nyumbani kwangu,
linatetemeka mezani.

Nikamwambia Gwantwa yote. Hata ile miaka minne.
Akatazama viganja vyake. Akatazama saa.
"Mama mkwe amesema..." akaanza, asimalize.

Alinunua glisirini. Ndogo, ya buku mbili.
Kisha nikamwona amesimama banda la saba,
kwa Tweve, ambaye miwani anayo,
ila huivaa wakati wa kuhesabu pesa.