Mashine Iliharibika

Dada yangu Helve huzika mchanga.
Vifuko vya nailoni, kila kimoja gramu arobaini,
huvishindilia kati ya mizizi mwezi wa Mei,
theluji ikiwa bado imejibanza nyuma ya visiki,
na Oktoba hurudi kuvifukua
kama mtu aliyeweka akiba
mahali asipopaamini.

Mimi ndimi nikataye miti.
Tani ishirini za chuma, magurudumu manane,
na mkono unaoukamata msunobari kiunoni,
ukaulaza, ukauvua matawi, ukaukata vipande
kabla kahawa yangu haijapoa.
Alutaguse nzima wanatujua:
huyu anahesabu, yule anaangusha.
Mama alituzaa kwa tumbo moja
akatuachia meza moja ya jikoni.

Juu ya meza hiyo, usiku, Helve huosha mizizi.
Bakuli la supu, brashi ya meno, kibanio cha nyusi.
Siku moja alinisogezea hadubini:
ncha za mizizi, nyembamba kuliko uzi wa kushonea,
na kila ncha imevaa soksi.
Nyeupe. Ya manjano. Nyeusi kama masizi ya bomba.
“Soksi ni kuvu,” alisema.
“Ule uyoga unaoukaanga kwa siagi ni tunda tu.
Mwenyewe yuko chini, hajawahi kukuona.”

Nikauliza kama mti na kuvu vinapendana.
Alicheka hadi akamwaga maji ya mizizi.
“Vinadaiana, Aivar.
Mti hulipa sukari, kuvu hulipa fosforasi,
na kila mmoja anamchunguza mwenzake mfukoni.
Watu wanataka niwaambie kwamba miti inanyonyesha.
Nina vifuko mia mbili na kumi na sita.
Hakuna hata kimoja chenye maziwa.”

Februari kampuni ilileta ramani.
Kitalu cha kumi na tisa: chake.
Ardhi imeganda nusu mita,
vifuko vimelala humo kama meno ndani ya taya,
na sepetu ilidunda, ikadunda, ikapinda.
Hakulia. Hakumpigia simu mtu yeyote.
Alisimama kando ya barabara ya magogo
akiandika kitu kwa penseli,
kwa kuwa wino ulikuwa umeganda pia.

Nilikata tangu saa kumi na mbili asubuhi.
Nilikata vizuri, siwezi kusema vinginevyo;
kazi ni kazi na benki haina dada.
Lakini karibu na mtaro, betula moja na misunobari miwili,
nilizima injini.
Nikakaa. Dirisha likafunga ukungu wa pumzi yangu.
Kwenye fomu niliandika: mashine iliharibika.
Msimamizi alinikata nusu ya mshahara wa siku ile
na hakuuliza mashine ilipona vipi.

Sasa ni mwaka wa tatu.
Miche tuliyopanda kwenye uwazi
imenyauka rangi ya gazeti la zamani,
ila ile iliyo hatua nane, tisa, kutoka kwenye ile mitatu
imenifika gotini, kijani cha ukaidi.
Helve aling'oa mmoja, akauosha, akautazama.
Soksi. Kila ncha.

Jana aliniwekea mbele yake ya kuchapishwa,
kurasa kumi na moja, na kidole kwenye mstari mmoja:
“Miti mitatu ilibaki; sababu haijulikani.”
Akaninyamazia.
Nikamwomba chumvi.
Akanipa chumvi, kisha, bila neno,
akachukua penseli na kuufuta ule mstari,
akaandika kitu ambacho sikukisoma,
maana alikuwa amekifunika kwa kiganja,
kama tulivyofichana daftari tukiwa shuleni.

Mvua inapiga bati la ghala.
Chini ya mtaro kuna anayekunywa.
Kesho nina hekta nne za kukata.