Kipimo

Fomu ina kurasa kumi na tisa.
Nimemsomea mama zote, hapa Mtwara, hospitalini,
naye akisikiliza, mkono ubavuni
pale ini lilipovimba.
Nilipofika kwenye "jeni" nikakosa neno lake la Kimakonde.
Daktari Mnalima akasema: ni maandishi ya mwili,
na ndani ya uvimbe wako, mama Somoe,
herufi moja imegeuka.
Dawa hii inaifuata hiyo herufi tu, nyingine haizigusi,
ndivyo tunavyodhani.

Mama akalidaka hilo "tunavyodhani",
akaligeuzageuza kama korosho asiyoiamini.

"Imeshaponya wangapi?"
"Hatujui. Hatua hii bado haiulizi kupona.
Inauliza mwili unaweza kubeba kiasi gani."
Watatu wa kwanza walipewa kidogo.
Watatu waliofuata, kidogo na nusu.
Yeye angekuwa wa nane.
"Na wa sita?"
"Ngozi ilimbabuka. Akaacha."

Nilitaka kusema twende zetu Tandahimba.
Yeye akaanza kucheka, polepole, akilinda ubavu.
"Mwaka ule salfa ilipoletwa mara ya kwanza
nani alijua kipimo?
Baba yako alijaza bomba hadi mdomoni:
maua yakaungua, macho yetu yakawaka siku tatu.
Kwa akina Chitwanga waliogopa, wakapuliza kiduchu,
ubwiri ukabaki juu ya maua kama unga kwenye ungo.
Hicho kipimo mnachofuata leo
kilitafutwa kwenye mikorosho yetu."

Akaomba wino.
Akalitazama dole lake,
dole lililokwisha kugongwa kwenye karatasi ngapi za chama cha msingi,
na malipo ya awamu ya pili hadi leo yako njiani.
"Hii nayo ina awamu?"
"Ndiyo kwanza ya kwanza, mama."
"Basi wa awamu ya tatu
watanikuta kwenye hesabu."
Akagonga.

Kidonge ni cha njano, hakizidi punje ya mbaazi.
Alikimeza saa mbili na dakika tano. Nesi akaandika.
Saa tatu wakatoa damu. Saa nne, damu.
Saa sita akauliza kama ile herufi imeshageuka kurudi.
Tukatazamana.
Nesi akainamia jalada, akaandika:
mgonjwa ameuliza.