Hafai na Nduguze

Mwaka wa kumi na tisa huu nachapa barua za watu
kwenye kibanda cha Makoroboi, kati ya fundi saa na muuza kamba.
Huja na maombi wakinong'ona,
hurudi na majibu yamekunjwa mara nne,
eti niwasomee, miwani wameisahau nyumbani.
Hakuna mwenye miwani. Nasoma.

Ndiyo maana nawajua, Hafai na nduguze wote.

Hafai mwenyewe hana makuu. Ni neno la sokoni:
la dagaa walionyeshewa pale Mwaloni,
la nyanya iliyobonyea, la betri, la mchumba.
Ukiambiwa hufai, unamwona anayekuambia,
mate yake yanakufikia,
unaweza hata kumjibu.

Hana Sifa ni mwingine. Huyo kavaa tai.
Mzee Ng'wandu wa Magu aliomba kulinda ghala la pamba,
yeye ambaye ngoma zikishindana baada ya mavuno
jina lake likitajwa, vumbi lilipanda hadi viunoni.
Akaniomba niurudie mstari ule.
Nikaurudia.
"Mimi? Sifa?" Akacheka mpaka akakohoa,
kisha akaacha kucheka, akabaki anakohoa.

Amezidi Umri huondoka kama kivuko cha Kamanga:
honi unaisikia, abiria unawaona wakikaa,
na tiketi unayo mkononi.

Kuhusu Hawezi nina ugomvi wa kifamilia.
Bibi mzaa mama alizaliwa Pangani,
akaja huku kwa treni, na mume na cherehani.
Akisema "siwezi leo" alimaanisha homa.
Tukamchemshia maji, kesho yake akaweza,
akafua, akatutukana vizuri.
Sasa nalichapa neno hilohilo, limegongwa muhuri,
la mtu mzima, la maisha.
Nani aliliondolea kesho yake?

Jana alikuja Nyabise wa Bugarika, mlimani,
ukutani kwake wamechora alama nyekundu.
Eneo halifai kwa makazi.
Watoto saba kazaa hapo, wa nane anatambaa,
na lile jiwe kubwa lililoegemea jiko lake
hakuna aliyelisomea barua.
Ananiuliza: nikajibu nini?
Sikujua. Nilimuuzia bahasha.

Kisha Masalu.
Barua yake ilitoka kiwandani, cha minofu ya sangara,
mistari miwili, karatasi nzuri, nzito.
*Tunasikitika kukujulisha kuwa hujakidhi vigezo.*
"Kidhi ndiyo nini?"
Kutosheleza, nikasema.
"Na kigezo?"
Kipimo.
Akauweka mkono wa kulia juu ya meza yangu,
taratibu, kama mtu anayeweka samaki kwenye mizani.
Vidole vitatu.
"Vile viwili wanavyo wao," akasema.
"Mwaka juzi viliondoka na mashine yao, zamu ya usiku.
Wakipima, wavijumlishe na hivyo."

Fundi saa aliacha kukaza alichokuwa anakaza.

"Niandikie hivyohivyo. Usiipambe."
Nikaandika kwa Meneja Rasilimali Watu,
nikaandika *Husika na kichwa cha habari hapo juu,*
na hapo juu, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari:
YAH: VIDOLE VIWILI.

Nimechapa maneno mengi ya kumwambia mtu arudi alikotoka,
ya upole, ya kisheria, ya kumtakia kila la heri.
Hilo ndilo la kwanza lililoitetemesha mashine yangu,
au labda ni lori lilipita.

Akauliza bei. Nikamwambia aache tu.
Akanitazama kama niliyemtukania mama.
Sarafu alizitoa mfuko wa shati, moja moja,
kwa mkono uleule wa kulia, makusudi, polepole,
foleni nyuma yake ikisubiri,
akazipanga mpaka zikatimia.

"Kulipa," akasema, "naweza."