Kielelezo Namba Tatu

Kuruta, weka chini hiyo kalamu.
Plasta haikorogwi kwa kuandika.
Koroga mpaka iwe kama uji wa mtoto mwenye homa,
na umimine pembeni, juu ya mgongo wa kijiko,
maana ukimwaga katikati ya kisigino
utafuta alichokiandika mwenye mguu.
Halafu subiri. Nusu saa.
Hapo ndipo wengi wenu hushindwa.

Nilikuwa koplo. Aprili, tukaitwa Uru:
ghala la kahawa, magunia manne hayapo,
kufuli zima, komeo zima,
na watu wamejaa migombani
kila mmoja na jina la mwizi mdomoni.
Nikafunga kamba toka mgomba hadi mgomba.
Majina baadaye, nikasema. Kwanza miguu.

Afande Kitundu hakuingia mlangoni.
Aliuzunguka ukuta polepole
kama mpishi asiyeamini chumvi yake,
na nyuma, karibu na mfereji, akapiga goti,
suruali ikalowa, akaniita kwa kidole.

Katambuga. Tairi la lori, misumari mitano,
wa kati umeng'oka.
Mtu akipita, vidole huchimba, tope huruka nyuma.
Hapa hakuna kilichoruka.
Kisigino kimezama, kikageuka kidogo,
kikazama tena, kikageuka,
na makapi ya muwa, nikayahesabu: kumi na saba,
ya chini yameshakuwa kahawia, ya juu bado meupe.
"Alikuwa anavizia," nikasema.
"Anayevizia hutazama njia.
Huyu alitazama mlango."

Mvua ilishuka mlimani kabla plasta haijashika.
Nikaivulia koti. Nililowa mimi.

Tulimkuta saa kumi, anapalilia maharage:
mlinzi mwenyewe, Ndewirwa,
ufunguo bado kiunoni.
Hatukumgusa. Hilo andikeni, haya, chukueni kalamu.
Kitundu aliagiza chai,
akauweka ule mguu mweupe mezani
kati ya kikombe na kopo la sukari,
akanyamaza.
Kimya nacho ni kifaa, ila stoo hawakigawi.

Mzee aliutazama mguu wake kama wa marehemu.
Akatia kidole pale msumari ulipokosekana.
"Nilisimama sana," akasema.
"Nilidhani nitarudi nyumbani."

Nikajaza fomu: jina, umri, kosa, saa.
Nikatafuta mahali pa kuandika
ule muda wa makapi kumi na saba.
Hapakuwepo.
Nikageuza karatasi. Hata nyuma.

Tikisa ndoo, inaanza kushika.
Wewe wa mwisho, umeuliza mashine.
Zipo. Zitakupa jina, na jina litakuwa la kweli.
Mimi nakufundisha kupiga goti.

Kesi ilipokwisha, hakimu aliamuru
vielelezo viteketezwe.
Nikaenda nyuma ya kituo, penye pipa la moto,
Kielelezo Namba Tatu kwapani.
Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.
Nilisimama. Nikageuka kidogo. Nikasimama tena.

Ndiyo, ndiye yule anayezuia mlango wa ofisi yangu
usijifunge kwa upepo.
Na kama siku ile angepita mmoja wenu
na ndoo yake na kijiko,
angenisoma mimi, Sajenti Aikande,
kisigino kwa kisigino.