Viraka Kumi na Tisa

Tyubu ya nyuma nimeivua leo asubuhi,
nikaitandaza ukumbini kama utumbo wa mbuzi wa Idi.
Viraka kumi na tisa.
Kile chekundu ni Mitwero, mwiba wa mkunazi.
Viwili vilivyopandana ni Ng'apa, usiku, mvua,
kifuniko cha soluesheni nikikifungua kwa meno.
Hiki cha pembeni sikikumbuki;
labda kilikuja na baiskeli yenyewe, ndani ya kontena la mitumba,
mwiba wa nchi ya watu.

Somoe akapita na ndoo:
"Hiyo ni tyubu yenye viraka,
au viraka vyenye tyubu?"

Basi. Naachana na tyubu.

Tairi zilizozaliwa bila tyubu, bei yake Dar
ni mshahara wangu wa ghalani, na deni juu.
Kwa hiyo nilipiga hesabu nyuma ya stakabadhi ya ufuta:
tairi ni hilihili la zamani;
utepe wa mafundi umeme, elfu mbili;
vali, bure, nimeikata kwenye tyubu iliyokufa
nikaiachia kisahani cha mpira shingoni;
sabuni ya kipande ni ya Somoe, sijamwambia;
na dawa.

Dawa ndiyo mtihani.
Ile ya chupa imevuka bahari, na bei imevuka nayo.
Nandonde, fundi wa Mnazi Mmoja, akanicheka:
"Mpira umejaa Rondo, wewe unausubiri bandarini?"
Akamtuma mpwa wake Mchopa.
Kijana karudi na dumu la utomvu wa mbungo, mweupe, unanuka uchachu,
na mdomo umemkakamaa kwa ugwadu:
matunda kayamaliza njiani.

Tukauchuja kwa kipande cha kanga.
Maji ya majivu, usigande upesi.
Vumbi la msumeno, kijiko kimoja, kwa matundu yenye kiburi.
Nandonde akishika kazi husema kwa mizani, mwenyewe hajui:

"Ringi hii siyo yake, kazi tunayoitaka,
nayo ghala siyo yako, ila humo unachoka."

Pampu ya mkono ikashindwa.
Nilipampu mpaka nikaona nyota mchana,
upepo unatoka pande zote, unapuliza mapovu,
utomvu ukanirukia shati la kazini
(doa lipo, halitoki, nimeacha kulisugua).
Tukalibeba gurudumu hadi gereji ya malori, penye kompresa.
Sabuni ukingoni. Mpira wa upepo ukabanwa.
Kimya.
Halafu *pa!*
Halafu *pa!* ya pili, upande wa kulia,
na utingo akachomoza kichwa chini ya lori:
"Mmeua nini?"

Kesho yake lilikuwa laini, embe la siku tatu.
Nikajaza.
Kesho kutwa, nusu laini.
Nikajaza, nikalizungusha, nikalilaza ubavu huu, ubavu ule,
kama mtoto mwenye chango.
Siku ya nne likashika.

Jumatatu, nakwenda Mingoyo, bonde la Mkwaya,
nikasikia *sss*.
Nikajua: ishirini.
Mkono ukauendea mkoba wa viraka ambao sikuubeba.
Tik, gurudumu likanitemea tone jeupe kwenye muundi.
Tik. Tik.
Kila mzunguko tone, la sita dogo kuliko la tano,
la saba
halikuja.

Nikashuka. Nikabonyeza kwa dole gumba: gumu.
Mwiba umo, umevaa kofia ya maziwa.
Sikuung'oa. Kuziba ni kazi yake sasa,
kwani ameajiriwa nani mwingine?
Nikapanda, ghalani nikafika saa moja na dakika mbili,
meneja akatazama saa yake, kisha shati langu.

Jumla: elfu sita na mia tano, pamoja na soda ya Mchopa.
Tyubu ya zamani, nusu ni manati ya mwanangu;
nusu inafunga madumu nyuma ya kiti,
na ukitazama vizuri utaiona Ng'apa,
viraka viwili, kimoja juu ya kingine, vinavutika bila kubanduka.

Somoe bado anaulizia sabuni.