Ng'ombe Gani Huyu?

Siku ya nne sasa napita hapa Makole
nikijifanya natafuta duka la vipuri vya baiskeli.
Lipo palepale, Benzi, jeusi, namba D,
limepigwa polishi mpaka vumbi la Dodoma
linateleza likijaribu kutua.

Milioni ishirini na sita, anasema Swalehe dalali,
na kwa sababu ni wewe, ishirini na nne.
Hanijui. Nilimwambia nafanya kazi Mtumba.
Sikumwambia ni masjala,
nafungua majalada ya watu wanaoendeshwa.

Sechelela alipiga hesabu nyuma ya kalenda ya kanisa:
shokapu moja, ile ya upepo, inaagizwa Dar,
bei yake ni bati za vyumba viwili.
Bima. Mafuta. Korongo la Nzuguni
ambalo hata Noah ya jirani hulivuka imepandisha sketi.
Chini ya jumla akachora mistari miwili,
hakusema neno,
akatoka kuanua nguo.

Fundi Ndahani alichomeka kidude chake chini ya usukani,
akasoma kimya kama daktari mwenye majibu mabaya.
"Kilomita elfu sitini na nane?
Tazama pedali ya breki, mpira umelika mpaka chuma.
Gari halisemi uongo, kaka. Watu hulifundisha."

Nilielewa yote. Shule nimekwenda.
Lakini Julai moja, kituo cha Nanenane,
saa kumi na mbili asubuhi, upepo ule unaokata masikio,
bosi wangu alipita, taa zikanimulika,
akanipungia mkono nyuma ya kioo.
Mkono ule mpaka leo haujashuka.

Basi leo nikaomba kulijaribu.
Nikampitia mama, aliyeletwa kutoka Mvumi
kwa ajili ya nyonga. Swalehe akahamia nyuma.
Nilipowasha, mwanamke wa Kijapani
akasalimu kutoka kwenye dashibodi.
"Mbukwa," mama akaitikia.

Kisha akapapasa kiti. Akakipapasa tena, kinyume,
kama anavyopapasa mgongo wa mtamba mnadani Msalato.
"Ng'ombe gani huyu?"
Wa Ujerumani, mama.
"Huyu hajui kupe."
Tukaenda kidogo. Akageuza shingo:
"Na mwenyewe anamuuza kwa nini? Hatoi maziwa?"
Swalehe akacheka, akatazama simu,
akasema mwenyewe kahamishwa mkoa.
"Mkoa gani?"
Kigoma, akasema.
Tulipofika mizani ya pili ya maswali, ikawa Songea.

Nikangoja mama atoe hukumu.
Nilitaka mtu anikataze kwa sauti,
nipate wa kumlaumu uzeeni.
Nilipomtazama, kichwa kimeegea kioo,
mdomo wazi kidogo,
amelala.

Wiki mbili hajalala. Usiku kucha namsikia
ng'ambo ya ukuta, kitanda kinalia anapogeuka,
yeye mwenyewe halii.

Njia ya kurudi Makole ilikuja kulia kwangu.
Sikukata kona.
Nikapita Nanenane, watu wamesimama kituoni,
mwingine na bahasha ya kaki kwapani kama yangu.
Mkono wangu ulitaka kupunga.
Nikaubana kwenye usukani.

Nimegeuza, nimerudi, nimegeuza tena.
Taa ya mafuta imewaka, ya njano.
Swalehe anakohoa, kikohozi cha mtu mwenye mteja mwingine.
Kwenye matuta napanda tairi moja moja,
na yule mwanamke wa Kijapani
ananiambia jambo, kwa adabu sana,
mara ya pili,
mara ya tatu,
huenda ni onyo,
namwomba apunguze sauti.