Trei ya Chini

Niliichapa Jumanne, nakala tatu:
Kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi, Malindi.
Nikaigonga muhuri, wino ukavuja kidogo
ukalilowesha neno "mwanafunzi".
Dakta Mwagandi akaisoma amesimama,
akaisoma tena ameketi.
"Iweke trei ya chini," akasema.
"Wiki ijayo tuna wageni wa ukaguzi."

Trei ya chini naijua.
Mna ombi la feni la mwaka juzi,
mna mlinzi anayedai buti,
na sasa mna Umazi.

Mji hauna trei, una midomo.
Shela, kwa Famau kinyozi,
mashine ikinguruma kwenye kisogo cha mtu:
"Chuo kikikimbilia polisi kila kukicha,
nani atamleta mwanawe kusoma?"
Fundi wa cherehani, pini midomoni:
"Ningekuwa mamake, ningelala pale kituoni."
Mwalimu Bishara, anayefundisha sheria:
"Ipelekwe leo, binti atake asitake.
Kosa ni la jinai, si lake peke yake."
Na Barani, kwenye foleni ya maji:
"Maktaba saa tatu usiku, alitafuta nini?"

Kitabu, mama. Alitafuta kitabu.
Sikusema. Nilijaza dumu langu, nikafunga kifuniko.
Mimi pia ni mji.

Usiku lilinijia neno la wazee:
mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na anayeficha maradhi ya mwenzake,
kifo humuumbua nani?

Siku ya kumi na tisa alikuja mwenyewe.
Hakubisha hodi. Alisimama
palipo na kigae kilichovunjika,
mahali wanaposimama wanaodaiwa karo.
"Barua yangu iko wapi?"

Barua yako?

"Ile mliyoniandika ndani yake. Nataka kuisoma."

Nikainua ombi la feni, nikainua buti,
nikampa.
Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari
kama mtoto wa chuoni anayeanza alifu.
Kisha akaomba kalamu.
Pale nilipochapa "tukio la kusikitisha"
akapitisha mstari mmoja, ulionyooka.
"Tukio ni mvua," akasema.
"Andika alichofanya. Andika jina lake,
mnalijua, liko kwenye orodha ya michezo."

Nikaandika.
Mikono yangu ilikosea herufi mara mbili
na yeye akanisubiri, yeye akanisubiri mimi.

"Nitaipeleka mwenyewe," akasema.
"Lakini sitaki kufika pale peke yangu
kama mtu aliyepoteza kitambulisho.
Nani wa chuo anakuja nami?"

Mlango wa Dakta ulikuwa umerudishwa, haukufungwa.
Tulisikia kiti chake kikilia,
kisha kikanyamaza.

Sahihi haikuwepo. Muhuri ulikuwepo.
Viatu vyangu nilikuwa nimevivua, kwa joto,
viko mahali fulani chini ya meza.
Nikaanza kuvitafuta kwa miguu.